Sabuni za Kunyolea za Kale: Tusome Jina, Tusome na Kopo

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeifanya twahara kuwa ufunguo wa swala. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo kwa wengi ni dogo, lakini maswali yake yamekuwa yakitufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa vijana na kwa wazazi walioletewa zawadi na watoto wao waishio Ulaya au Uarabuni. Jambo lenyewe ni sabuni za kunyolea. Zile sabuni ngumu za kopo au za kijiti ambazo juu yake huandikwa kwamba zimekuwapo tangu miaka mia moja, miaka mia mbili na zaidi.

Kijana mmoja huuliza: "Sheikh, nimeletewa sabuni nzuri, uso umetulia na vipele vimepungua, lakini rafiki yangu ameniambia imetengenezwa kwa mafuta ya mnyama. Je, swala zangu?" Mwingine huuliza kuhusu brashi, kwamba amesikia baadhi yake ni za nywele za nguruwe. Mzee naye hutaka kujua ni ipi katika sabuni hizo ya kuaminika, kwa kuwa ile aliyokuwa akiitumia ujanani haioni tena madukani. Tumeona ni vyema tuyajibu maswali haya pamoja, kwa kuanzia kwenye historia, kisha mafuta, kisha brashi, na mwisho tuangalie yaliyomo mikononi mwetu wenyewe.

KWA NINI MUISLAMU AJISHUGHULISHE NA SABUNI YA KUNYOLEA?

Huenda msomaji akastaajabu: je, tunawahimiza watu kunyoa ndevu? La, hatujakusudia hivyo. Hadithi za kufuga ndevu na kupunguza sharubu zinajulikana, na wanazuoni wamelizungumzia suala hilo kwa urefu. Wapo walioharamisha kunyoa ndevu, na wapo, wakiwemo wengi wa Mashafi wa baadaye, waliosema kuwa ni karaha. Hilo si somo letu la leo. Lakini hata mwenye kufuga ndevu zake anao wembe nyumbani. Dini yetu imetufundisha sunna za maumbile: kupunguza sharubu, kukata kucha, kuondoa nywele za kwapa na za kinena, na katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mambo hayo yaliwekewa muda, yasiachwe kupita siku arubaini. Mtoto mchanga hunyolewa kichwa siku ya saba. Mwenye kuhiji au kufanya umra hunyoa au kupunguza nywele zake. Kwa hiyo wembe na sabuni ni vyombo vya ibada kabla ya kuwa vyombo vya urembo.

Wahenga wetu katika elimu hawakulidharau jambo hili. Al-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 12 ya Miladia juu ya kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, aliwawekea vinyozi masharti yao: kinyozi awe mwepesi wa mkono na mjuzi wa kazi yake, nyembe zake ziwe kali, na siku ya kazi asile vitunguu na vyakula vingine vyenye harufu vitakavyowaudhi wateja. Ikiwa harufu ya pumzi ya kinyozi ilistahiki kuandikiwa, basi kile kinachopakwa usoni mwa mtu kinastahiki zaidi.

SABUNI ILIKOTOKA

Neno letu "sabuni" tumelichukua kutoka Kiarabu, na Waarabu nao walilipokea kutoka lugha za Ulaya ya kale. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja sabuni ya watu wa Gaul, nchi ambayo sehemu kubwa yake leo ni Ufaransa, akaeleza kwamba ilitengenezwa kwa shahamu na majivu na ikitumika kwenye nywele. Katika nchi za Sham, ambako mzeituni ni mwingi, watu waliiacha shahamu wakatumia mafuta ya zeituni. Huko ndiko zilikostawi sabuni za Halab (Aleppo) na Nablus.

Sabuni ya Halab huchemshwa kwa mafuta ya zeituni, kisha huongezwa mafuta ya mti wa ghar. Humwagwa sakafuni ikiwa bado uji, ikiganda hukatwa, hugongwa muhuri, na hupangwa kwa miezi mingi ikauke hewani. Nje inageuka rangi ya dhahabu na ndani hubaki kijani. Ya Nablus hufanywa kwa zeituni, nayo vipande vyake hupangwa katika minara mirefu yenye uwazi ndani ili upepo upite. Sanaa hizi mbili zimepita katika mitihani mizito. Majengo ya kale ya sabuni katika mji mkongwe wa Nablus yalibomolewa katika mashambulizi ya jeshi la Israel ya Aprili 2002. Vita vilivyoingia Halab mwaka 2012 viliwatawanya mafundi wake, wengine wakaanza upya Uturuki na Ufaransa, kisha tetemeko la Februari 2023 likaongeza maumivu. Pamoja na yote hayo, Desemba 2024 UNESCO iliziandika sanaa zote mbili, ya Halab na ya Nablus, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Tumeanza na hizi kwa sababu Waislamu wengi wakitafuta sabuni ya kunyolea yenye asili huzikimbilia, kwa kuwa hazina shaka ya mafuta. Ni sabuni njema kwa kuoga na kwa kuosha uso. Lakini haki isemwe: kwa kunyolea, sabuni ya zeituni tupu ina udhaifu. Zaidi ya nusu ya mafuta ya zeituni ni asidi iitwayo oleiki, ambayo husafisha kwa upole lakini povu lake ni jepesi na huteleza upesi. Mnyoaji anahitaji povu zito, linaloshika maji na kukaa usoni mpaka wembe upite. Povu la namna hiyo hutokana na asidi nyingine, steariki na palmitiki, zilizo nyingi katika shahamu ya ng'ombe na kondoo. Hapo ndipo panapoanzia suala letu.

NYUMBA ZA KALE ZA ULAYA

Sabuni iliyotengenezwa mahususi kwa kunyolea ilikuzwa zaidi na vinyozi na wauza dawa wa Ulaya. Mjini London yapo majina ambayo wanaojishughulisha na mambo haya huyataja kama vile sisi tunavyozitaja silsila: D.R. Harris la mwaka 1790, Truefitt & Hill la mwaka 1805, Taylor of Old Bond Street la mwaka 1854, na Geo. F. Trumper la mwaka 1875. Huko Marekani, J.B. Williams alianza mwaka 1840 katika jimbo la Connecticut, na sabuni yake ya kikombe ikaenea nchi nzima. Milan, nchini Italia, ina Cella ya mwaka 1899; na Florence ilitoa Proraso mwaka 1948. Uturuki ina Arko, ya kampuni ya Evyap iliyoasisiwa mwaka 1927, na kijiti chake cha kunyolea kimefika hadi katika masoko mengi ya Waislamu.

Kanuni ya sabuni hizo za kale ilikuwa moja kwa asili yake. Shahamu ilitoa uzito wa povu. Mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yalitoa wepesi wa kutoka povu. Kisha mafuta hayo yalichemshwa na magadi makali ya namna mbili: kostiki soda inayoifanya sabuni kuwa ngumu, na potashi inayoifanya iyeyuke upesi kwenye brashi. Baada ya hapo sabuni ilipitishwa katika magurudumu ya kusagia, mara nyingi mara tatu, ikatoka ngumu na laini kama jiwe la kunolea. Kipande kimoja kilimtosha mtu kwa miezi kadhaa.

Kisha dunia ikawa na haraka. Mwaka 1901 King Gillette aliasisi kampuni yake ya wembe wa mashine, na mwaka 1904 akapata hataza yake. Mwaka 1919 ikatokea Barbasol, krimu isiyohitaji brashi. Mwaka 1949 likaingia sokoni povu la kopo la kubonyeza. Kikombe, brashi na sabuni ngumu vikawekwa kando katika nyumba nyingi, mpaka watu wa zama hizi walipoanza kuvitafuta tena, wengine kwa kuchoshwa na gharama, wengine kwa maradhi ya ngozi, na wengine kwa kupenda tu mambo ya wazee wao.

JINA NI SANAD, KOPO NI MATINI

Hapa tunataka ndugu msomaji azingatie jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa elimu ya hadithi atalielewa upesi. Hadithi ina sanad, yaani mlolongo wa wapokezi, na ina matini, yaani maneno yenyewe. Mlolongo ukiwa mzuri haukuondolei wajibu wa kuyachunguza maneno. Na sabuni hizi ni vivyo hivyo. Mwaka ulioandikwa juu ya kopo ni sanad ya jina. Haukwambii kwamba kilichomo ndani ndicho kile kile kilichokuwamo zamani.

Na hakika hakikubaki kile kile. Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza uwezekano wa uhusiano kati ya ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe na maradhi ya ubongo kwa wanadamu, na shaka ikaingia katika bidhaa nyingi zitokanazo na ng'ombe. Pamoja na hilo yakaja mahitaji ya wasiotumia vitu vya wanyama, na hesabu za gharama. Miaka ya mwanzo ya karne hii, kadhaa katika nyumba za kale za London ziliacha shahamu zikaingia kwenye mawese. Baadhi ya nyumba hazichemshi tena sabuni zenyewe, bali huagiza kutoka viwanda vingine na kuzitia muhuri wao. Wateja wakongwe walisikitika wakasema povu si lile la zamani. Lakini tazama hekima ya Mola: lile lililowasikitisha wao limekuwa wepesi kwa familia ya Kiislamu, maana sabuni ya mawese na nazi haina shaka ile ya shahamu ya mnyama asiyechinjwa kisharia.

Kwa hiyo anayetafuta sabuni ya urithi atasoma jina, kisha atasoma na orodha ya viambato nyuma ya kopo. Orodha hizo zina maneno yake, na mtu akiyajua machache yanamtosha. Sodium Tallowate au Potassium Tallowate ni sabuni iliyotokana na shahamu, kwa kawaida ya ng'ombe au kondoo. Sodium Lardate ni ya mafuta ya nguruwe. Sodium Palmate ni ya mawese, Sodium Cocoate ni ya nazi, na Sodium Olivate ni ya zeituni. Neno Stearic Acid peke yake halitoi hukumu, kwa sababu asidi hiyo hupatikana katika mawese na katika mnyama vile vile. Hapo mtu huangalia kama kopo limeandikwa kuwa bidhaa ni ya mimea tupu, au humwandikia mtengenezaji na kumuuliza. Tena asitegemee kopo la mwaka juzi, kwani viambato hubadilishwa bila jina wala rangi kubadilika.

HUKUMU YA SHAHAMU

Sasa tuje kwenye swali la yule kijana. Ikiwa shahamu ni ya mnyama anayeliwa na aliyechinjwa kisharia, hakuna tatizo lolote. Ikiwa ni ya ng'ombe wa Ulaya asiyejulikana alivyochinjwa, au aliyekufa bila kuchinjwa, hapo ndipo wanazuoni walipotofautiana.

Asili ya mjadala ni hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwaka wa kufunguliwa Makka Mtume (S.A.W.) alitangaza uharamu wa kuuza ulevi, mzoga, nguruwe na masanamu. Akaulizwa kuhusu shahamu ya mzoga, kwa vile ilikuwa ikipakwa vyombo vya baharini na ngozi, na watu wakiwashia taa. Akakataza. Wanazuoni wakauliza: alichokataza hapo ni kuuza tu, au ni kuuza na kutumia? Wengi walisema ni vyote viwili. Mashafi walisema kilichokatazwa ni kuuza, ama kunufaika nayo kwa kisichokuwa chakula wala kujipaka tu bila haja, kunajuzu. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim amegusia hata kutengeneza sabuni kwa mafuta yaliyo najisi, akaona usahihi ni kuruhusika.

Suala la pili ni istihala, yaani kugeuka kwa kitu kutoka dhati yake kuwa dhati nyingine. Pombe ikigeuka siki yenyewe imetwaharika kwa itifaki. Je, shahamu ikigeuka sabuni? Mahanafi, kwa kauli ya Muhammad bin al-Hasan iliyofanywa ndiyo ya fatwa, walisema imetwaharika. Na mwelekeo huo wa istihala uliungwa mkono na wengine, miongoni mwao Ibn Hazm na Ibn Taymiyya. Mashafi waliibana istihala katika mambo machache, hivyo kwao sabuni hiyo hubaki na najisi yake hata kama kuitumia kunaruhusiwa. Katika zama zetu, kongamano la Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 lilifuata kauli ya kwanza, likasema sabuni iliyotokana na kugeuka kwa mafuta ya nguruwe au ya mzoga ni twahara.

Na elimu ya kemia imeyaonyesha macho yetu yale ambayo mafakihi wa kale waliyatambua kwa hisia. Mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha utafiti wake juu ya mafuta ya wanyama, akabainisha kwamba mafuta yanapokutana na magadi hayachanganyiki tu, bali huvunjika. Hutoka asidi za mafuta zinazoshikana na magadi zikawa sabuni, na hutoka gliserini. Maana yake, sabuni si shahamu iliyotiwa manukato. Ni kitu kingine. Hata hivyo, ni uadilifu kusema kwamba baadhi ya watengenezaji huacha makusudi mafuta kidogo yasiyogeuka, au huongeza mafuta mwishoni ili kulainisha ngozi. Na mafuta hayo hayaingii katika hoja ya istihala.

Basi tunamwambia yule kijana hivi: ondoa wasiwasi katika swala zako zilizopita. Ukifuata kauli ya kutwaharika, huna neno. Na ukishikamana na madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, sabuni hiyo hutumika kisha uso ukaoshwa kwa maji safi mpaka athari yake iondoke, na hilo ndilo ambalo kila mnyoaji hulifanya kwa kawaida kabla hata ya kutia udhu. Kwa siku zijazo, kwa kuwa sabuni za mawese na nazi zipo na hazigharimu zaidi, kuacha lenye shaka kwa lisilo na shaka ndiyo salama ya dini. Ama ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya nguruwe, hatuoni sababu ya Muislamu kuinunua na hali mbadala umejaa.

BRASHI NAYO ISISAHAULIWE

Wengi hukagua sabuni wakaisahau brashi, na hali brashi ndiyo yenye shaka kubwa zaidi, kwa sababu nywele hazigeuki, hubaki nywele. Brashi za kunyolea ni za namna nne: nywele za nguruwe, nywele za mnyama mmoja wa Ulaya na Asia anayefanana na nyegere, nywele za farasi, na nyuzi za viwandani.

Brashi ya nguruwe ndiyo ya bei nafuu na iliyoenea zaidi. Mara nyingi haiandikwi jina la mnyama. Kwa Kiingereza huandikwa bristle tu, kwa Kiitaliano setola, na kwa Kihispania cerda. Ndugu zetu wa Komoro, Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa wajue pia kwamba blaireau, ambalo ni jina la yule mnyama mfano wa nyegere, limekuwa jina la brashi yoyote ya kunyolea. Hivyo jina hilo halithibitishi nywele ni za nani. Wanazuoni wa Kihanafi waliruhusu nywele za nguruwe kwa washona viatu kwa dharura ya kazi, na Wamaliki waliona nywele zilizokatwa hazina najisi kwa kuwa hazina uhai. Lakini kwa Mashafi ni najisi nzito, na brashi iliyolowa ikigusa uso, kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nani atayafanya hayo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini?

Yule mnyama mfano wa nyegere nywele zake zina mjadala mwepesi zaidi, kwani madhehebu mengine matatu yana nafasi ya kuzihesabu kuwa twahara, lakini Mashafi wanayo masharti yao. Nywele za farasi zilizokatwa kwenye mkia na shingo akiwa hai ni twahara hata kwa Mashafi, kwa kuwa farasi kwao ni halali kuliwa. Na brashi hizo hutengenezwa hadi leo, hususan Hispania na Uturuki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza nywele za farasi zisizosafishwa vizuri zilileta ugonjwa wa kimeta kwa wanyoaji, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Leo nywele husafishwa viwandani. Anayetaka kuondokana na mazungumzo yote haya anunue brashi ya nyuzi za viwandani: haina najisi, hukauka upesi, na hudumu miaka.

KUITUMIA IPASAVYO

Sabuni ya kale haifai kitu kwa mwenye pupa. Brashi hulowekwa katika maji ya vuguvugu, ikakung'utwa, ikazungushwa juu ya sabuni kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha maji huongezwa tone kwa tone mpaka povu liwe zito na laini kama samli iliyoganda. Wembe upite kwanza kufuata uelekeo wa nywele. Kwa ngozi zetu na nywele zetu za kujikunja, kunyoa kwa kugeuza uelekeo na kuvuta ngozi ndiko kunakoufanya unywele ujichimbie ndani na kuleta vipele vya ndevu. Sabuni nzuri hupunguza msuguano, lakini haiponyi vipele; aliyezidiwa aache wembe kwa muda na amwone tabibu wa ngozi.

Katika miji yetu ya pwani, maji ya visima vya mawe ya matumbawe ni magumu; chokaa iliyomo hukamata sabuni na kuifanya utando badala ya povu. Mtu asiilaumu sabuni. Atumie maji ya mvua, au maji yaliyochemshwa yakatulia. Na wembe wa nyumbani usishirikishwe, hata kati ya baba na mwana, kwani damu ndogo isiyoonekana inaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Kwa wanaojiandaa kwa hija na umra tunaongeza hili: sabuni nyingi za urithi zina manukato mazito ya msandali, mrujuani au waridi. Manukato yamekatazwa kwa aliye katika ihramu, na mwenye umra hatoki katika ihramu yake mpaka anyoe au apunguze. Basi ampelekee kinyozi sabuni isiyo na harufu. Zipo, na kopo huandikwa hivyo.

YALIYOMO MIKONONI MWETU

Tukirejea nyuma tukaitazama ile kanuni ya kale ya London, tunaona kwamba ni shahamu ya ng'ombe, mafuta ya nazi na magadi. Ni kipi kati ya hivyo kisichokuwapo kwetu? Minazi iko Unguja, Pemba, Tanga, Mafia na Lamu. Ng'ombe wanachinjwa kisharia kila siku katika machinjio yetu, na shahamu yao nyingi hutupwa au huuzwa kwa bei ya chini. Asiyetaka shahamu anayo siagi ya kakao, au mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda, yote yakiwa na asidi ya steariki kwa wingi kuliko shahamu yenyewe. Akina mama wa Zanzibar wamekwisha kuonyesha njia kwa sabuni zao za mwani na viungo, zinazonunuliwa na wageni kwa bei nzuri.

Kwa hiyo sabuni ya kunyolea iliyo bora, iliyo halali bila mjadala, na inayolingana na zile za kale, inaweza kuchemshwa katika vikundi vyetu vya akina mama na vijana. Kinachohitajika ni mafunzo na uangalifu, kwa sababu kostiki ni kitu cha hatari: huwekwa yenyewe ndani ya maji, wala maji hayamwagwi juu yake, watoto hawakaribishwi, macho na mikono hufunikwa, na vipimo hufanywa kwa mizani, si kwa kukisia.

Nyumba hizo za Ulaya tunazosoma miaka yao juu ya makopo nazo zilianza na duka moja la kinyozi au la muuza dawa, mtu mmoja mwaminifu na kanuni moja isiyobadilishwa ovyo. Anayeanza leo kwa uaminifu, akaandika juu ya kopo lake yale tu yaliyomo ndani, atakuwa amewapa Waislamu wenzake utulivu wa moyo kila wanaposhika wembe, na huenda wajukuu wake wakaandika mwaka wake kwa fahari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kujitwaharisha nje na ndani. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.